Safari ya Kendu Bay na Nyumba ya Nguo

Nilitoka hapa kwangu Nyamasaria nikaenda kulala nje kama ng'ombe, na sababu ni wajukuu wawili. Nyinyi wamama wa soko mlicheka sana mwaka ule mkiniona nabeba blanketi. Sasa kaeni chini niwaambie yote.

Msichana wangu Achieng' ameolewa, walikuwa wanakaa Nairobi. Mume wake, Baba Otieno, akapewa barua ya uhamisho kwenda Mombasa. Mombasa! Reli inaanza huko, inakuja kuishia kwetu Kisumu, ndio mjue ni mbali. Na hao watoto, Otieno wa miaka saba na Awuor wa miaka minne, hawajawahi kulala na mimi hata usiku mmoja. Mkwe halali kwa nyumba ya mama mkwe, hiyo mnajua. Kwa hivyo kila likizo walikuwa wanafika asubuhi, wanakunywa chai, saa tisa gari inawabeba kwenda kwa baba yao Ugenya. Mimi nabaki naosha vikombe. Nikawaza, wakienda Mombasa hata sura yangu watasahau.

Basi shule ikafungwa Agosti. Niko jikoni, nasikia Baba Otieno na ile sauti yake ya ofisi: "Ehem. Achieng', ambia mama kwamba, yaani, tutapiga kambi. Huko ziwani. Usiku mmoja. Na yeye pia."

Yeye haongei na mimi uso kwa uso, ni heshima. Maneno lazima ipitie kwa Achieng', hata kama mimi nimesimama hatua tano na masikio yangu mbili. Na mimi kambi naijua. Si kambi ya kanisa wamama wanalala huku, wanaume wanalala kule? Nikasema ndio kabla chai haijapoa.

Saa mbili asubuhi tulitoka na pikapu yake. Achieng' akasema, "Mama, kaa mbele." Mbele! Nibanane bega kwa bega na mkwe mpaka Kendu Bay? Nilipanda nyuma na watoto, unga, sufuria, na kuku mmoja mzima ambaye hakufurahia safari.

Katito tulisimama kununua mkate. Mama mmoja wa ndizi akaniangalia huko juu. "Mama, unahama?"

"Nahamia ziwani."

"Na dereva ni nani?"

"Mkwe wangu."

"Yawa! Wangu hata baiskeli hajanibebea."

Hapo ndipo barabara inakata kwenda Kendu Bay, na vumbi ikatupaka sote rangi moja. Awuor alikuwa ananiangalia mdomo tangu Ahero. Akaniuliza mimi nyanya yake, "Dani, meno yako ilienda wapi?"

"Ilitangulia ziwani. Tunaifuata."

Akakaa mbali kidogo. Aliniogopa, huyo mtoto, sitaficha.

Saa sita tulifika kwa ufuo ya wavuvi, kabla hujafika Kendu Bay yenyewe. Siku hizo gugu maji haijaziba ziwa, maji ilikuwa wazi mpaka macho inachoka. Mama Ouko, mke wa mwenye mtumbwi, alitupokea. Sauti yake ni ya kuita watu walio mbali majini, hata akikusalimu karibu unaruka: "KARIBUNI! MNAUZA NINI?"

Achieng' akasema, "Hatuuzi, mama. Tumekuja kulala."

"KULALA? KWENU HAKUNA VITANDA?"

Baba Otieno akatoa furushi ya kijani kwa gari. Alikuwa ameinunua kwa mzungu wa kazini kwao aliyekuwa anarudi Ulaya. Jinsi alivyoifungua, ungesema anamfunulia mtoto mchanga! Alipiga vigingi, akavuta kamba, akasimamisha nguzo, akaanguka nayo, akasimamisha tena. Saa tisa nyumba ya nguo ikasimama. Nikaizunguka. Mlango mmoja. Nikazunguka tena.

"Achieng'," nikasema, "hii ni yenu. Yangu iko wapi?"

Baba Otieno akainama kukaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

"Ehem. Achieng', ambia mama, iko na pazia katikati."

"Achieng', ambia Baba Otieno, pazia nimeona. Na paa ni ngapi?"

"Ambia mama, mzungu alisema inatosha watu sita."

"Ambia yeye, mzungu hakuuliza hao sita ni nani na nani."

Maskini Achieng', shingo ilikuwa inageuka huku na huku kama ya mtu anaangalia mpira. Mwishowe Baba Otieno akasema ni nguo tu, si nyumba. Mama Ouko akaingia ndani, akashika ile nguzo, akaitikisa. "KITU IKO NA NGUZO NA MLANGO NI NYUMBA." Akaniambia kulala wazi siwezi, kiboko wanatoka majini jioni kula nyasi hapo hapo. Kwake kuna kitanda, nilale huko, asubuhi nirudi kwa watu wangu.

Lilikuwa neno zuri, na hakuna mtu angekosa heshima. Nikachukua blanketi yangu. Lakini miguu ilikuwa nzito, nawaambia ukweli. Usiku wangu mmoja na wale watoto, nao ndio huo naenda kuulala kwa nyumba ya mama simjui.

Nimefika kwa mtumbwi wa kwanza, nasikia mlango wa pikapu unagonga. Nikageuka. Baba Otieno alikuwa anatoa viatu vyake ndani ya nyumba ya nguo. Akatoa begi. Akatoa mto wake. Yote akarusha kwa gari.

"Achieng'. Ambia mama arudi. Hii ni nyumba yake. Watoto walale kwa dani yao. Wewe na mimi tutalala kwa gari."

Mama Ouko akamkaribia, na hiyo ndiyo mara pekee nilisikia anaongea polepole. "Kijana, unajua unasema nini? Mama akishalala humo, wewe hutaingia tena. Si leo, si Mombasa."

Aliiangalia hiyo hema yake. Hakuwa amelala ndani yake hata mara moja.

"Najua," akasema.

Jioni tulikula ugali na samaki ngege ya Mama Ouko, Baba Otieno nyuma ya mtumbwi upande wake, mimi upande wangu. Kisha tukaingia, wajukuu na mimi. Nikawa fisi, nikawa sungura, nikawa Mama Ouko akisalimu kiboko. Otieno alilia kwa kucheka. Nikawa baba yao akiongea ofisini: "Ehem. Yaani." Kutoka kwa gari tukasikia mtu anakohoa! Awuor akajificha kwapani mwangu akicheka, na hapo hapo usingizi ikamchukua, mkono wake umeshika nguo yangu. Mimi sikulala haraka. Nilikuwa namshukuru Mungu kimyakimya, mkono ukaganda na sikuutoa.

Asubuhi Baba Otieno alishuka kwa gari akiwa amekunjika kama kiti, mbu imemchora uso mzima. "Achieng', uliza mama kama amelala vizuri."

Saa kumi tulifika Nyamasaria. Akashusha sufuria, akashusha kuku ambaye tulimsahau kuchinja, halafu akashusha ile furushi ya kijani, akaiweka kwa mlango wangu.

Nilidhani najua safari ni ya kuona mahali. Mimi niliona mtu. Miaka kumi na moja alikuwa mkwe wangu na sikuwa nimemwona. Sasa hii ni Agosti ya tatu watoto wanashuka na gari moshi kutoka Mombasa. Baba yao anakuja nao, anasimamisha ile nyumba hapa kwa uwanja wangu, anakaza kamba zote, anarudi nyuma, anaenda kutafuta pa kulala kwa rafiki yake mjini. Kumshukuru uso kwa uso siwezi. Ndio maana naongea hivi kwa nguvu, wamama. Yuko hapo nje anapiga vigingi, na mimi nataka asikie.