Mkorosho wa Mpakani

Mama yangu na kaka yake walirithi shamba la bibi yetu kule Mkunya, wilayani Newala, wakagawana kwa amani kila kitu isipokuwa mkorosho mmoja.

Mkorosho wenyewe haukuwa na cha kugombaniwa. Shina lake lilikuwa upande wa mjomba, lakini tangu ujana wake ulikuwa umeinama kuelekea kwa mama, kwa hiyo matawi mengi yalidondosha korosho upande wetu. Mabibo yake yalikuwa madogo, ya njano iliyopauka, na makali kiasi kwamba ukiuma moja ulimi unakakamaa. Hata wapika uraka, ile pombe ya mabibo, ambao si watu wa kuchagua sana, waliyaacha yaoze. Korosho zake nazo zilikuwa ndogo. Mama alizichanganya katikati ya gunia, si juu wala chini, kabla ya kulipeleka ghalani.

Korosho zilipoiva, kila mmoja wao alisema mti ni wake. Palizi ilipofika, kila mmoja alisema ni wa mwenzake. Msimu wa kuokota, mama alimtuhumu mjomba kuwa anautikisa mti alfajiri ili korosho ziangukie kwake. Mjomba alimtuhumu mama kuwa anafagia hadi upande wa pili. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi Masasi, nimepanga chumba Mkomaindo, na kila nilipopanda Newala likizo nilikuta kazi yangu inanisubiri, kupeleka maneno. Mama alikuwa akiniambia, "Mwambie mjomba wako nyasi zake zinaficha korosho zangu," na mjomba amekaa palepale kwenye mkeka, anakunywa chai yetu.

Basi siku moja bwana shamba aliitisha mkutano ofisi ya kijiji. Nilihudhuria kwa sababu ilikuwa likizo na mama hapendi kwenda mkutanoni peke yake. Bwana shamba alikuwa kijana nadhifu, msemaji, na watu walimpenda. Alisema mikorosho mikongwe imechoka, inakula nafasi bure, kila mti una tabia yake, huu unachanua mapema, ule umechelewa, korosho za huu hazifanani na za ule, na mnunuzi hapendi mchanganyiko. Tuikate yote. Tupande miche ya kisasa, iliyobebeshwa, yaani iliyopandikizwa ncha za matawi ya miti michache bora kabisa, mifupi, inayozaa mapema, korosho kubwa za kufanana. Hakudanganya hata neno moja. Kila alichosema miti ile itafanya, ilikifanya.

Kijiji kizima kilikata. Mama alikata mikorosho aliyoikuta kwa mama yake, na jioni ile hakula, ingawa alisema ni kichwa tu kinamuuma. Mjomba naye alikata. Wakati wa kiangazi mama alikuwa akiteremka bondeni kufuata maji na kurudi na ndoo kichwani kupanda ule mlima, na maji yale aliyagawa kwanza kwa miche, kisha kwa wageni, kisha kwake mwenyewe. Nilimletea kofia ya jua kutoka Masasi. Akaufunika nayo mche mmoja uliokuwa unapigwa na jua.

Ukabaki mkorosho wa mpakani. Bwana shamba alikuja kwa mama kuuliza mbona ule bado umesimama. Mama akamwonyesha shina liko wapi, akamtuma kwa mjomba. Mjomba akamwonyesha matawi yanaelekea wapi, akamrudisha kwa mama. Lakini bwana shamba alipojitolea kuuleta msumeno wake mwenyewe, wote wawili waligeuka wakali. Kuni za mti ule ni za nani? Atakayeukata ndiye atakuwa amekiri kuwa ni wake, au ameiba wa mwenzake, na kila mmoja aliapa kumpeleka mwenzake baraza la kata. Bwana shamba hakusomea mambo hayo chuoni. Aliuacha.

Miaka ilipita vizuri. Shamba la mama lilipendeza macho. Miti yote ya kimo kimoja, imejipanga kama wanafunzi asubuhi wakisubiri kukaguliwa kucha, inachanua pamoja, inazaa pamoja. Wageni waliletwa kuangalia. Katikati ya unadhifu ule mkorosho wa mpakani ulisimama umeinama, mrefu, haujapaliwa, haupuliziwi dawa, na mama alikuwa akiwapitisha wageni njia nyingine ili wasiuone.

Kisha ukaja mnyauko. Ulianza kwenye tawi moja la mti mmoja, majani yakawa njano halafu kahawia, yakabaki yamening'inia bila kuanguka. Tukadhani ni jua. Likizo iliyofuata nilikuta mti ule umekauka wote na jirani yake umeanza. Kwa kuwa miti yote ilikuwa ya ukoo mmoja, kilichoupata mmoja kiliipata yote, kwa unadhifu uleule. Mama alizunguka shambani ameshika panga, asijue pa kuanzia. Alikata tawi hapa, akachoma majani pale. Mwishowe akakaa chini ya mti mmoja ambao ulikuwa bado nusu mzima, akaniambia, "Huu niliupa maji kabla ya kutawadha." Nilikaa naye.

Mkorosho wa mpakani haukuguswa. Hakuna aliyeona ajabu. Mjomba alisema hata ugonjwa umeukataa, na mara hiyo moja mama alikubaliana naye.

Mtafiti alikuja msimu uliofuata. Alikuwa dada mtu mzima, mwenyeji wa bara, amevaa buti za shamba na kilemba, na kwanza aliwaamkia wazee, "Shikamooni," akangoja marahaba mbili, moja kutoka kila upande wa mpaka. Alieleza kwamba wanatafuta mikorosho ya zamani iliyosalia mashambani, ya kila namna, mizuri na mibaya. Wanachukua vikonyo vyake, yaani ncha za matawi machanga, wanavibebesha kwenye miche, kisha wanaitunza katika shamba maalumu. Mingine huenda ina nguvu ya kuhimili mnyauko, mingine ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa maua, mingine ukame, na mingine haijulikani ina nini. Ile yenye nguvu itachanganywa na ile yenye mazao, kwa kuchukua chavua ya ua la huu na kulipaka ua la ule, mpaka apatikane mtoto aliyerithi kwa wote wawili. Nilimuuliza kama anazitaka zile korosho ndogo. Akasema korosho zenyewe hazimhusu kabisa, anachotaka ni sababu ya mti ule kuwa bado una majani.

Halafu akauliza swali ambalo hakujua uzito wake. "Mwenye mti ni nani?"

"Mimi," walisema mama na mjomba kwa pamoja.

Yule dada alituangalia. Nilimweleza habari kwa kifupi, akasema basi ataomba ruhusa kwa wote. Ruhusa ilitolewa haraka. Shida ikawa ni tawi lipi. Mama alitaka vikonyo vikatwe upande wake, kwa sababu ndiko mti ulikokwenda kwa hiari yake. Mjomba alisema tawi la kwake liko karibu na shina, kwa hiyo lina nguvu zaidi. Mtafiti alikata upande wa mama, akafunga kwa kitambaa kibichi, akakata upande wa mjomba, akafunga kwa kitambaa kingine, na wote wakaridhika. Tulipokuwa tunaelekea kwenye gari aliniambia kwa sauti ya chini kwamba vifurushi vile ni kitu kimoja, mti ni uleule kila upande. Nikamwambia najua, ila tafadhali asimwambie mama.

Nilimuuliza pia kama mti huo utatuokoa. Alisimama kufikiri, na kwa hilo nilimheshimu. Alisema inawezekana una kinga, na inawezekana ulibahatika tu kuwa mbali na mizizi iliyougua. Kujua kutachukua miaka. Miti mingi ambayo ingeweza kulinganishwa nao imeshakuwa mkaa.

Baada ya muda mama na mjomba walialikwa kwenye semina Newala mjini. Nilimsindikiza mama, amevaa baibui lake la Iddi. Ukutani kulikuwa na bango la kuwapongeza wakulima waliohifadhi mbegu za asili, na kwenye meza kuu alikaa yule bwana shamba wetu, sasa amenenepa na amepanda cheo. Alizungumza vizuri kama zamani. Alisema wazee wetu waliona mbali, na wakati wengine wanakata ovyo, hawa wawili walisimama imara kulinda urithi wa taifa. Nilimtazama usoni nione kama anakumbuka msumeno wake. Kama alikumbuka, alijizuia vizuri.

Wakampa mama kipaza sauti aeleze alipata wapi moyo wa kuhifadhi. Mama alikishika mbali na mdomo, kama mtu aliyeshika kuku asiye wake.

"Mimi sikuhifadhi," alisema. "Nilikuwa nangoja kaka yangu aukate, ili nimshtaki."

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha. Mjomba akainuka bila kuitwa, akasema kwa heshima zote kwamba dada yake anasema kweli, na yeye alikuwa akingoja vilevile. Mama alimgeukia. Sidhani kama miaka yote ile iliwahi kumpitia akilini kwamba kaka yake alikaa upande wa pili akisubiri kitu kilekile. Alianza kucheka, kisha akaficha uso kwenye mtandio, na mabega yalivyotikisika sikuweza kujua mara moja kama bado ni kicheko. Mjomba alihamia kiti cha karibu naye. Walikula pilau pamoja, wakapewa vyeti, na kwenye basi la kurudi walizungumza Kimakonde njia nzima kuhusu bibi, alivyokuwa akiwachapa wote wawili bila kuuliza nani ana kosa. Kwa mara ya kwanza sikuwa na ujumbe wa kupeleka.

Ingekuwa vizuri habari ingeishia hapo, lakini kijiji kilikuwa kimesikia. Mti ambao haufi. Watu walianza kuja na vikapu, wanaomba korosho za mkorosho wa mpakani za kupanda, na wengine hawakuomba. Wale wale waliokata kila kitu ili wapande aina moja sasa walitaka kung'oa kila kitu ili wapande mti mmoja. Mwenyekiti wa kijiji alitamka mkutanoni kwamba Mkunya yote iwe na mti huo tu, mpaka majirani zetu wa Kitangari watuonee wivu.

Nilimpigia simu mtafiti, nikiwa na hofu. Nilimweleza tunarudia kosa lile lile. Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

"Wanapanda korosho zenyewe, au wanabebesha vikonyo?"

Nikasema wanapanda korosho, kubebesha hawajui.

"Waache wapande," alisema. Akanieleza kuwa kikonyo ndicho hutoa mti ulio sawa na mama yake. Korosho ina mama na ina baba, na baba ni ua lolote ambalo nyuki na nzi walilipitia. Kila korosho waliyookota ni mtoto tofauti. Watu wa Mkunya walikuwa wamedhamiria kwa nguvu zote kupanda mti mmoja, na walikuwa wanapanda ukoo mzima.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. Miche ile sasa imepita magoti, na haifanani. Mmoja una majani mapana, mwingine umejikunja, mwingine umechanua kabla ya wakati, na mingine imeshakufa. Mwenyekiti amelalamika kuwa aliuziwa mbegu mchanganyiko, ingawa hakuna aliyemuuzia. Kuhusu mnyauko hatujui bado. Mtafiti anasema baadhi ya miche ya miti mbalimbali kule kwao, walipoipa ugonjwa makusudi, imehimili na mingine imeshindwa, na kwamba tuendelee kusubiri.

Mwezi uliopita mama alitembelewa na mkwe wetu wa Kitangari, akaletewa korosho kutoka kwenye mti wa huko wenye mabibo mekundu sana. Alizipanda nyuma ya jiko. Nilimuuliza mti huo una sifa gani.

"Sijui," alisema, akaimwagia ile ardhi maji aliyooshea mchele.