Kipini cha Mama na Mashine Mbili za Dhahabu

Nakumbuka siku moja pale Ruponda, ufuta umeshakung'utwa na kutiwa magunia, nami nikiwa kijana. Ukisikia nasema kijana usinicheke. Nilikuwa na mke na watoto, na mvi zilishaanza kuchungulia ndevuni, lakini machimboni mtu akiweza kushika sululu kutwa nzima anaitwa kijana, na mimi nilikuwa naling'ang'ania jina hilo. Leo goti limegoma, wananiita mzee, na wewe mwanangu umenipigia simu mara mbili wiki hii kuniuliza jambo lile lile: je, mashine mpya ya kutafutia dhahabu, hii ya bei nafuu, inaweza kweli kushindana na zile za bei kubwa? Tangu uliponiuliza nimekaa, nimesimama, nimezunguka nyumba. Swali hilo nalijua. Liliwahi kuninyima usingizi, na nikilisikia mdomoni mwako naona linataka kuanza upya.

Msimu ule watu walikuwa hawashikiki. Kila aliyerudi kutoka mabonde ya Kilimarondo alirudi na hadithi ya fulani aliyeokota kokoto la dhahabu wakati akijisaidia porini. Mussa, mtu wa Ruangwa, ndiye alikuwa na mashine ya bei kubwa. Vijana waliiita mkulungwa, yaani mkubwa wa wote. Mussa hakuiazimisha kwa mtu. Alitembea nayo mwenyewe, na ukimpeleka mahali mnagawana mtakachopata. Halafu Shabani, fundi simu wa Nachingwea mjini, akaleta kutoka Dar mashine mpya, nyepesi, ina kioo cha rangi, na bei yake hata mkulima wa ufuta angeweza kuitamka bila kukohoa. Kwa magunia yangu yote ningeipata, nisibaki na hata debe.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida, mwanangu, kwa sababu magunia yale yalikuwa ya mabati ya mama. Nyumba ya mama yangu, Bi Somoe, ilikuwa ya nyasi, na nyasi zilishachoka. Masika yaliyopita alikuwa akihamisha kitanda kona hadi kona akitafuta pakavu. Nilimwahidi mabati mbele ya ndugu zangu wote. Sasa mama akaona namna ninavyokwenda Nachingwea na kurudi, nikishika mashine ya watu na kuiachia, naye hakunikumbusha ahadi. Angenikumbusha ningepata la kumjibu. Kunyamaza kwake kulinichosha kuliko kulima.

Hassani, mtoto wa baba yangu mdogo, alikuwa na homa hiyo hiyo. Akaniambia, "Kaka, tunabishana bure. Tuwaite Mussa na Shabani, tuzishindanishe hapa hapa."

Wote wawili walikubali haraka, Mussa kwa majivuno na Shabani kwa biashara. Lakini huwezi kujaribu mashine ya dhahabu bila dhahabu, na sisi tulikuwa wachimba dhahabu tusio na dhahabu. Tulitazamana. Dhahabu pekee katika uwanja ule ilikuwa puani kwa mama, kipini kidogo alichovalishwa na bibi yangu alipokuwa mwali. Nikaenda kukiomba. Sijui nilipata wapi uso wa kuomba vile, lakini niliomba. Mama alikizungusha taratibu, akakichomoa, akakifuta kwa pindo la kanga.

"Mnakwenda kukizika?" akauliza.

"Kidogo tu, mama. Tunakitoa sasa hivi."

Akakiweka kiganjani mwangu, akaketi kwenye kigoda kutazama.

Tulikifunga kwenye kijinailoni, tukakifukia kina cha kidole nyuma ya jiko, mahali ambapo udongo ni wa mchanga, tukachomeka bua la mtama pembeni. Mussa akaanza. Alivaa hedifoni, akapitisha sahani iliyo kwenye ncha ya mkulungwa juu ya mahali penyewe, mara ya kwanza, mara ya pili. Kimya. Akarudi kinyumenyume. Kimya. Hassani akaanza kunitazama, mimi nikaanza kumtazama Hassani, maana sisi ndio tuliokifukia, na watu walishakuwa wengi uani. Mama aliinuka kwenye kigoda. Nilijiona nimepoteza kipini na mabati kwa siku moja, na mashine bado sina.

Basi Shabani akapita na ile yake ya bei nafuu. Ikalia. Ikalia vizuri, sauti nyembamba, na kila alipoirudisha ikalia pale pale. Tukafukua, kipini hiki hapa. Watu wakapiga vigelegele, na Hassani akamrukia Shabani shingoni. Mussa hakukubali. Alisema mashine yake haikutengenezwa kwa vipini, imetengenezwa kwa kina, akatutaka tufukie kitu kikubwa chini kabisa. Tukafukia kufuli la shaba kina cha goti. Hapo mkulungwa alilisikia mara moja, na ile mpya ikapita juu yake kama imelala. Sasa kelele zikaanza, huyu anasema ile mpya imeshinda, yule anasema ile mpya imeshindwa. Mimi sikusikia la kufuli hata kidogo. Kichwani mwangu kulikuwa na ile sauti nyembamba tu. Nilishaamua.

Mama akaja katikati yetu, akanyoosha mkono kudai kipini chake. Nikampa huku nacheka.

"Mmekipata," akasema.

"Tumekipata, mama. Umeiona mwenyewe."

"Alikiweka nani hapo?"

"Sisi."

"Basi mmepata mlichokizika." Alisema taratibu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu maneno, maana lugha yake ya moyoni ilikuwa Kimwera. "Dhahabu hii imetoka puani kwangu. Hiyo nyingine mnayoitaka, kaizika nani, na kaizika wapi? Peleka chombo chako huko unakochimba, baba. Kisiimbe hapa jikoni kwangu."

Shabani alijifanya anafuta kioo cha mashine. Mimi nilikasirika, nakwambia kweli, nilikasirika kama mtoto aliyenyang'anywa embe. Nilimwona mama hajui mambo ya sasa. Lakini neno lake liliniingia kama mwiba, na nilipolala niliona wazi kwamba siku nzima tulikuwa tumepima jambo moja tukadhani tumepima jambo jingine. Tulijua mashine inasikia dhahabu. Kama kuna dhahabu ya kusikia, hilo hatukuligusa.

Kesho yake nikamshika Shabani, nikamwambia sinunui mpaka twende Kilimarondo, kwenye bonde lenyewe. Alinung'unika, lakini alitaka kuuza. Mussa naye akaja, maana alitaka kulipiza kisasi. Tukapanda bodaboda, wawili wawili na mashine mgongoni, tukafika jua limeshapanda.

Kule udongo ni mwekundu, una mawe meusi mazito yenye chuma ndani. Ile mashine iliyoimba vizuri nyuma ya jiko ikawa kichaa. Kila hatua inalia, kila jiwe inalia, ukiinua sahani hewani ndipo inapumzika. Shabani akaipunguza nguvu, ikatulia, lakini ilitulia mno. Nilitupa sarafu chini kwa siri, akapita juu yake, haikusema kitu. Mkulungwa alikuwa anatembea juu ya ardhi ile ile bila kelele, polepole, na alipolia ulijua kuna kitu. Alilia mara ya kwanza, tukachimba hadi kiunoni, tukatoa kipande cha jembe la zamani. Alilia mara ya pili, ganda la risasi la wawindaji. Mara ya tatu alilia kwa sauti nzito iliyomfanya Mussa avue hedifoni na kunipa nisikie mwenyewe. Tukashika sululu. Hatujafika magotini, Hassani akatuonesha matawi yaliyovunjwa karibu yetu na kinyesi cha tembo kinachotoa mvuke. Tulikimbia, mwanangu. Tulikimbia mpaka kwenye pikipiki. Tuliporudi siku nyingine mvua ilikuwa imepita, na hakuna aliyeweza kuapa ni wapi.

Mpaka leo sijui chini pale kulikuwa na nini. Huenda ni jembe jingine. Najisemea ni jembe jingine, na kuna siku nalijua hilo kabisa, na kuna siku nakunywa chai huku miguu inacheza chini ya meza.

Nilirudi kwa mama nimechafuka na nimechanganyikiwa. Nikamweleza yote, hata la tembo. Nilitegemea aniambie, unaona. Hakusema hivyo. Alifungua fundo la kanga, akatoa kipini, akaninyooshea.

"Ufuta ni wako, umeulima wewe," akasema. "Ukitaka kwenda, nenda. Na hiki kichukue. Huko ukikosa, utakuwa nacho cha kuikumbushia mashine sauti ya dhahabu."

Sikuweza kukipokea. Angenipiga ningevumilia, angelia ningembembeleza, lakini alikuwa ananipa, tena kwa moyo mmoja, na niliona aibu iliyonifikia miguuni. Wiki ile ile nikapeleka ufuta mnadani, na fedha zikawa mabati. Siku fundi alipopigilia bati la mwisho nilishuka kwenye ngazi nikamwona mama anapita na maji ya kunywa, na kipini kipo puani. Hapo ndipo nilipogundua kwamba siku zote zile alikuwa hajakirudisha.

Hassani alinunua. Ufuta wake na korosho zake zote alimpa Shabani. Siwezi kukudanganya kwamba hakupata kitu, kwa sababu alipata. Alikwepa udongo mwekundu wa Kilimarondo, akaenda upande wa Mandawa, kwenye vijito vya mchanga, na ile mashine ya bei nafuu ikampatia kipande cha ukubwa wa punje ya karanga. Alikuja nacho nyumbani nikakishika. Nilikosa raha siku nyingi. Akanunua pikipiki, akaiuza kununua chakula cha kwenda nacho porini, akapata vipande vingine vidogo, na amekuwa akitembea tangu hapo. Huja wakati wa Idi, hulala siku mbili, siku ya tatu anaanza kuangalia barabara. Mkewe analima peke yake. Mwaka jana mwanawe mdogo alipomwona anaingia uani alimwamkia, "Shikamoo mjomba." Watu walicheka, na Hassani alicheka kupita wote. Mimi nilitoka nje.

Sasa nikujibu, mwanangu, maana swali lako ni la haki na wewe si mtoto. Ndiyo, mashine ya bei nafuu inaweza kushindana na ya bei kubwa. Kwenye mchanga, karibu na juu, kwenye dhahabu ndogo, inaweza hata kuishinda, nimeona kwa macho yangu. Kwenye udongo mwekundu wenye mawe ya chuma, na kwa kitu kilicholala chini, haiwezi, na muuzaji hatakwambia hivyo. Kwa hiyo usinunue sifa za mtu wala video za kwenye simu. Mwambie muuzaji aje nayo kwenye ardhi ile ile utakayoitembea, kutwa nzima, uisikie wewe. Akikataa, mwachie mashine yake. Na mkifukia pete au kipini na kukifukua, msishangilie sana, kwa sababu hapo umejua habari za mashine, bado hujajua habari za ardhi.

Lakini hata hilo si la kwanza. La kwanza ni kile utakachokitoa kuipata. Kama una fedha ambayo ikipotea nyumba yako italala na kuamka kama kawaida, nunua, nenda kajaribu bahati yako, nami sitakuzuia, nitakuonea wivu tu. Kama magunia yako yameshaahidiwa mtu, hata kama ulimwahidi kwa kunyamaza, basi hayo si yako tena, na mashine yoyote utakayoyabadilishia, kubwa au ndogo, ni ya gharama kubwa mno. Hujaniambia ufuta wako wa mwaka huu ni wa nani, nami sikuulizi. Wewe unamjua.

Haya, baba, nenda kwa salama. Mungu akupe riziki inayokukuta nyumbani. Na ikibidi uifuate mbali, akuoneshe njia ya kurudi kabla wanao hawajazoea kuishi bila wewe.