Kumfuata Bibi Harusi Ujiji kwa Gari la Kukodi

Nilisafiri kwa sababu ya mdomo wa kikongwe mmoja. Mtoto wa kaka yangu, Shabani, alikuwa amemposa Rehema, binti wa Ujiji, na kila kitu kilikuwa kimekubaliwa isipokuwa usafiri. Bibi yake Rehema, Bi Mwanaidi, alikuwa na mjukuu mwingine aliyeahidiwa gari siku ya harusi yake, akaja kuchukuliwa na pikipiki, tena yenye vumbi la mkaa. Safari hii bibi akaweka sharti: gari moja limchukue Rehema mlangoni kwao, limteremshe mlangoni kwa mumewe, na mguu wake usikanyage chini hapo katikati. Gari likikosekana, harusi hakuna. Kwetu anayekwenda kumtoa bibi harusi ni shangazi wa bwana harusi, na shangazi ndiye mimi, Zaina, muuza vitenge wa mtaa wa Bwiza, Bujumbura, anakokaa Shabani pia.

Kwa barabara ungefika Kigoma bila kulowa, kama ungekuwa na petroli. Siku hizo Bujumbura petroli ilikuwa habari tu. Watu walilala foleni na kuamka foleni. Wenye magari wa Kigoma walikataa kuja kwetu, wakisema gari kuingia ni rahisi, kutoka ndiyo kazi. Aliyepata akili ni Issa, fundi magari wa Cibitoke, ambaye nilimchukua awe dereva wangu.

"Shangazi, tuitie mu bateau," akasema. "Mu maji gari aikunywake esansi."

Kwetu esansi ndiyo petroli, na bateau ni meli. Basi tukaenda Kinindo, kwenye mtaa ambao hata mbwa hubweka kwa adabu. Mwenye gari alitutolea Toyota nyeupe inayong'aa, lakini aliposikia habari ya meli akazichukua tena funguo kutoka mkononi mwangu.

"Apana, madame. Iyi gari aiendake hata Gitega, sasa iende mu maji?"

"Patron, itasimama tu. Gari gani ilishakufa juu ya kusimama?" nikamwuliza.

Mwishowe akakubali, kwa sharti lake naye: mshale wa mafuta urudi palepale ulipo. Niliutazama. Ulikuwa umeegemea sifuri kama mlevi aliyeegemea ukuta, nikaapa kwa moyo mweupe.

Kabla ya kuondoka nilimnong'oneza jirani yangu Amissi, fundi wa kuchomelea, kwamba Kigoma tutajaza tangi na yeye atapata bidoni moja, dumu zima, ila asimwambie mtu. Alinitii kwa namna yake. Hakumwambia mtu, aliwaambia watu.

Bandarini Bujumbura karatasi za forodha zilikuwa nyingi kuliko wageni wa harusi, nazipita. Nitasema tu habari ya kreni. Walilifunga gari mikanda tumboni, likanyanyuka, likaanza kuzunguka taratibu juu ya vichwa vyetu kama linachagua wa kumwangukia. Issa, ambaye tangu nimjue hajasali mbele yangu, alisoma Ayatul Kursi mpaka mwisho bila kukosea. Gari likatua melini kati ya magunia na mapipa matupu, nasi tukapanda nyuma yake.

Ziwani sina mengi. Milima ya Kongo ilikuwa kuliani, ya kwetu kushotoni, na mimi katikati nikitapika pande zote mbili bila upendeleo.

Kigoma, asubuhi, Issa alisahau kwamba kule wanaendesha kushoto, tukasalimiana ana kwa ana na lori la ndizi. Lakini kilichomtia jasho zaidi ni kituo cha mafuta. Hakikuwa na foleni. Alimwuliza mhudumu mara mbili kama petroli ipo kweli, kisha akajaza tangi mpaka kwenye kifuniko na kuupiga picha ule mshale, umesimama wima kama askari. Picha ikafika Bwiza kabla hatujafika Ujiji.

Ujiji, mchana, Bi Mwanaidi alilikagua gari kabla ya kutukaribisha chai. Ni mwanamke mdogo mwenye macho ya mnunuzi wa samaki. Alifungua milango yote, akaifunga, akaketi nyuma, akarukaruka kidogo kwenye kiti.

"Hili ndilo?"

"Ndilo, Bi Mwanaidi."

"Lenu?"

"La kwetu sote," nikasema. Uongo wa harusi Mungu huupunguzia dhambi.

Rehema alikuwa amesimama mlangoni, kucha zake za hina zimekamata kitasa. Nilipompita aliniuliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, litafika?" Hapo ndipo kicheko kiliponiisha. Mtoto huyu alikuwa amesubiri miaka miwili, na sasa maisha yake yalikuwa juu ya magurudumu ya kukodi. Nikamwambia litafika.

"Nami nakuja," bibi akatangaza. "Siku tatu tu. Nikiuona mlango kwa macho yangu, narudi."

Siku iliyofuata, bandarini Kigoma, mambo yakaharibika. Ofisa wa bandari alipiga tangi letu kofi, akasikiliza.

"Mama, gari lenye tangi lililojaa halipandi melini. Moto ukiwaka katikati ya ziwa mtauzima na nini?"

"Si maji yako chini?"

"Toa mafuta, mama."

Kurudi kwa barabara hatukuweza, karatasi zetu za forodha zilikuwa za bandari peke yake. Issa aliyatoa kwa mpira, uso wake kama anatolewa damu yeye. Tukaachiwa kiasi cha kuwasha na kushuka tu. Petroli ilibaki Tanzania, sikuwa na nguvu ya kupiga simu Bwiza.

Melini, Bi Mwanaidi alishikilia sharti lake kuliko imamu anavyoshikilia kibla. Rehema hakuteremka garini. Alipohitaji kwenda haja tulimtandikia kanga kutoka mlango wa gari hadi mlango wa choo, na mabaharia wakapisha kama anapita malkia. Tatizo lilikuwa joto. Meli ilichelewa kung'oa nanga, jua likalipiga lile bati, na bibi akagundua kwamba gari lina kiyoyozi.

"Dereva, hebu baridi kidogo."

"Bibi, esansi iko kidogo sana."

"Nimesema kidogo. Sikusema nyingi."

Issa akawasha, akazima. Bibi akasinzia, akaamka, akaomba tena. Nilimwona Issa akiangalia mshale, nami nikaangalia ziwa, kwa sababu nani angembishia yule mwanamke? Mabaharia walipokuja kupiga kelele kwamba injini izimwe, baridi ilikuwa imekwisha na petroli pia.

Bujumbura, asubuhi, gari halikuwaka. Makuli walilisukuma juu ya mbao pana mpaka nchi kavu, bibi na mjukuu ndani. Na pale gatini nikaona nilichokiogopa: nusu ya Bwiza imesimama na bidoni za njano mikononi, Amissi mbele. Pembeni yao alisimama mwenye gari wa Kinindo, amevaa shati jeupe, amekuja kupokea mali yake.

"Shangazi Zaina, esansi iko wapi?" Amissi akauliza. "Mi nilitoka foleni juu yako!"

Kioo cha nyuma kikashuka. "Kuna nini?" bibi akauliza. "Gari haliendi? Basi tunageuza na meli hii hii." Nyuma yake Rehema alikuwa amejifunika uso, mabega yakitikisika.

Sikuwa na uongo uliobaki. Nilifungua kifuniko cha tangi mbele ya wote. "Njooni munuse. Walitutoa yote Kigoma. Mukasirike, muko na haki. Lakini uyu mutoto asirudi kwao juu ya kosa ya mdomo yangu."

Amissi alinusa kweli. Akanitazama, akamtazama Rehema, akaikabidhi bidoni yake kwa jirani na kuweka mabega nyuma ya gari. "Issa, toa gear, sha!"

Wakasukuma. Kutoka bandarini, katikati ya mji, mpaka Bwiza, wengine wakisukuma na wengine wakipiga zile bidoni tupu kwa viganja, na bidoni tupu, ndugu zangu, inalia kuliko ngoma. Wanawake wakatoka madukani na vigelegele. Mwenye gari alisukuma kuliko wote, akipiga kelele, "Apana mu taa! Usishike mu taa!"

Mlangoni kwa Shabani, Bi Mwanaidi alizuia mkono wa mjukuu wake kwanza. Akamtazama Amissi aliyelowa jasho.

"Huku kwenu magari yote huendeshwa hivi?"

"Ego, bibi," Amissi akakubali akihema, akaonyesha mikono yake. "Siku izi esansi yetu ni iyi."

Bibi akawatazama wote, mmoja mmoja, kwa yale macho ya sokoni.

"Hiyo haitaisha upesi," akasema. "Rehema, teremka."

Mwenye gari aliukuta mshale palepale alipouacha, akapokea funguo zake. Mimi nilijifunza kwamba ukipeleka gari majini, majirani ni wa kutunza kuliko tangi. Na Bi Mwanaidi, aliyekuja kwa siku tatu? Mpaka leo yuko chumba changu cha nyuma, anakosoa mchuzi wangu. Anasema atarudi Ujiji vilevile alivyokuja, kwa gari, mlango kwa mlango, na kwamba analisubiri. Nami, nikisema kweli, sijalitafuta.