Kona Iliyokatwa

Nabwile alikuwa mbishi, na mimi, Mary Ann, niliyechapa barua katika ofisi ile ile ya mpima ardhi mjini Kitale, nilishazoea. Kazi yake ilikuwa kubeba kifaa cha GPS, kidude kinachochora mstari kwenye kioo kila ukitembea. Mwezi wa kumi, mwaka wa 2008, aliniambia atatembea mjini mpaka mstari ule ufanane na shamba la baba yake.

Babake, Mzee Wekoye, alifukuzwa Mlima Elgon mwaka uliotangulia, vita vya ardhi vilipochacha. Sasa alikuwa amelala katika chumba cha kupanga mtaani Kibomet, figo zimechoka, na ombi lake lilikuwa moja: aone mipaka yake kabla ya kufa. Kurudi huko kulikuwa kujitafutia risasi.

Jumapili, baada ya kanisa, tukashika njia. Mijakaranda iliyopandwa na wazungu ilikuwa imechanua mji mzima, maharusi wanapigwa picha chini yake. Mimi nilikuwa nikilalamikia viatu. Barabara kuu ikawa mpaka wa juu, uchochoro wa nyuma ya kinu cha unga ukawa safu ya mkonge. Tulipofika pale palipostahili kuwa kona ya mto, geti likatuzuia.

"Madam, si hapa ni kwa watu," askari wa getini akasema. "Ati mnachora nini, bana?"

Nikamwambia Nabwile, "Kata tu hapa. Kona ndogo hivyo nani ataiona?"

Akakata.

Jioni ile, chumbani kwake, mzee alishika kifaa kwa mikono miwili, akafuata mstari kwa kidole. "Hapa ni mkonge. Hapa ni kwa jirani, Kiplangat." Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha kidole kikasimama.

"Na mama yako umemwacha wapi?"

Sikujua kwamba mkewe alizikwa kwenye kona ile. Nabwile alijua, na kwa uchovu akanisikiliza.

"Wao walichukua shamba," mzee akasema polepole. "Wewe umewapa kaburi." Akageukia ukuta.

Haraka haraka haina baraka, na mwenye haraka nilikuwa mimi. Niliona haya hata kumuaga.

Alikufa Alhamisi. Walimzika kwenye makaburi ya umma, mbali na mkewe, na kwa Wabukusu wenzake hiyo ni kuzikwa kama mtu asiye na kwao.

Jumapili iliyofuata tulirudi. Maua yalikuwa yamepukutika, yamekanyagwa yakawa meusi. Nabwile akamweleza askari kila kitu. Yule mtu akavua kofia, akafungua geti. Nabwile akaizunguka kona yote taratibu, mpaka mstari ukaungana na ule wa kwanza.

"Sasa iko sawa?" Nabwile akauliza.

Akanipa kifaa mimi, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuonyeshwa.