Tongo la Mbwa Machoni Mwangu

Nilipokuwa mtoto pale Kibamba, enzi za Mwingereza, baba yangu alikuwa na mbwa sita na wake wawili, na waliokuwa wakigombana si mbwa. Majirani walitusema, eti nyumba gani ya Kiislamu hii imejaa najisi. Lakini nguruwe pori wakiingia kwenye mihogo yao walimkimbilia nani? Baba huyo huyo na mbwa wake.

Mwaka mmoja baada ya mavuno baba akasema twende sote Uluguru, kwenye ziwa la mlimani walikotokea babu zake, tukatambike. Tulidandia lori, sie na mbwa, kisha tukapanda mlima kwa miguu kutwa nzima. Lo, ziwa lile! Maji yametulia tuli, msitu pande zote, ukungu unatembea juu yake. Baba akatupigia kambi ya majani ya migomba, na mie nikaona tumefika peponi.

Asubuhi ya pili mdogo wangu Seif, aliyekuwa bado ananyonya, akaamka na homa. Mbwa nao wakasimama ukingoni mwa maji wakibweka kuelekea kambini, hawanyamazi. Kwetu hilo halikuhitaji mwalimu: mbwa huona asichokiona binadamu, na ukijipaka tongo la jicho lake, nawe utaona.

Mama alimkazia macho mama mdogo Tatu, mke mwenziwe. Alikuwa binti mpole, mwaka wa pili kwa baba bila mimba, na wakati huo alikuwa anatukorogea uji.

"Mtoto hana uongo," mama akamwambia baba. "Mpake huyu."

Baba akamshika Sitaki, mbwa jike niliyempenda kuliko wote, akamtoa tongo kwa kidole, akanipaka macho yote mawili. Liliwasha kama pilipili. Nilipofumbua niliona moto, sufuria, na mama mdogo Tatu na mwiko wake, akinitabasamia nisiogope.

"Unaona nini mgongoni kwa Tatu?" mama akauliza.

Baba alikuwa ananitazama, yeye ambaye siku nyingine alinipita kama kigoda. Nilikuwa na miaka minane, na watu wazima wananisubiri mie! Nilijisikia mkubwa mno.

"Naona mtu mweusi," nikasema. "Kamshika Seif mguu."

Mama mdogo akacheka kwanza. "Wewe mtoto wewe! Hebu niangalie vizuri, mwanangu."

Sikumwangalia. Baba akamtamkia talaka tatu pale pale. Tatu akapiga magoti, akaomba angalau ashuke nasi kesho, maana njia haijui. Baba akapiga mluzi, ule ule wa kuwindia nguruwe, na mbwa wote sita wakamfuata yule binti akikimbia mtelemko, Sitaki mbele. Tulimsikia kwa muda mrefu. Mama akauchukua mwiko, akaendelea kukoroga uji usiungue.

Jioni homa ya Seif ikashuka, na huo ndio ukawa ushahidi. Tatu alifika kwao, watu walisema, akiburuta mguu, na mpaka kufa kwake hakuna mume aliyemtaka mchawi.

Miaka mingi niliibeba siri ile peke yangu, nikiamini mie ndiye niliyemponza. Mama alipokuwa mzee, hajiwezi, nikaona nitubu kwake kabla hajaondoka.

"Mama, siku ile kule ziwani sikuona kitu. Nilidanganya."

Hata hakugeuza kichwa. "Kwani mie nilikutuma uone?" akasema. "Nilikutuma useme. Hebu niletee maji."

Nilimletea. Nilimchukia siku ile, namchukia mpaka leo, Mungu anisamehe, ni mama yangu. Lakini mwiko ule na tabasamu lile niliviona mie, kwa macho yangu mazima kabisa, na bado nikasema nilichosema.