Walinzi Watatu wa Mama

Mama alizaliwa ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Rwanda, akaolewa huku Ngara. Kitambulisho cha taifa alikuwa bado anakingoja, kwa hiyo kila alipohitaji karatasi ya ofisini alikwenda na majirani wawili wa kumthibitisha kwamba ni mtu wa hapa. Alizaa hapa, akazika mume hapa, na bado alikuwa anaomba watu wamsemee. Jambo hilo lilimuuma. Mimi lilinipandisha hasira kila nilipomsindikiza.

Ndiyo maana ulipokuja mradi wa pochi ya utambulisho tuliupokea kwa mikono miwili. Pochi yenyewe ilikuwa programu ya simu. Ofisi inahakiki taarifa zako mara moja, inazitia sahihi ya kidijitali, kisha zinakaa kwako tu. Hakuna anayebaki na nakala. Siku ya kwanza mama alipoionyesha dirishani akahudumiwa bila kuulizwa shahidi, alirudi nyumbani anacheka peke yake. Tangu hapo simu ilihamia kifuani, na ole wake mjukuu aliyeigusa.

Kulikuwa na sharti moja. Kwa kuwa hakuna ofisi inayotunza nakala, kila mtu alichagua walinzi watatu. Simu ikiharibika, wawili kati yao wakikubali kwenye simu zao, pochi inarudi kwenye simu mpya. Dada wa mradi aliyetufundisha alisisitiza tuchague watu wa rika mbalimbali, na tuwabadilishe kadiri maisha yanavyobadilika. Tulitikisa vichwa kukubali, vizuri kabisa. Halafu tukachagua walinzi kama tunavyochagua wasimamizi wa ndoa, yaani watu wazima wenye heshima zao. Karibu nusu ya kijiji ilimchagua katekista. Kitu kilichobuniwa kisikae mikononi mwa mtu mmoja, sisi tukakipeleka kwa katekista. Mama naye alimchagua, pamoja na mama aliyemsimamia ndoa yake, na baba yangu mdogo.

Katekista akafariki. Yule msimamizi akahamia kwa mwanawe Biharamulo, akanunuliwa simu nyingine, na ya zamani, iliyokuwa na ulinzi wa mama, haikujulikana ilikoishia. Simu ya mama ikaanza kumkumbusha abadilishe walinzi. Nami nilimkumbusha kila nilipokwenda kumsalimia.

"Nimfute marehemu?" aliniuliza. "Mjane wake nitamtazamaje kanisani?"

"Hatajua, mama."

"Mimi nitajua. Na msimamizi hafutwi, hata ahamie wapi."

Ningeweza kubishana naye hadi jioni. Lakini mimi pia nina msimamizi wa ndoa, na sithubutu hata kupita mlangoni kwake bila kuingia kumwamkia.

Msimu wa ndizi ulipofika, mama akiwa ameinamia mtumbwi wa kukamulia juisi ya pombe, simu ilichomoka kifuani ikazama. Tuliifuta, tukaifukia kwenye mchele, wapi. Majirani walitania kwamba simu ya mama imelewa kabla ya pombe kuiva, na tukacheka nao. Kisha ikaja habari kutoka ng'ambo kwamba dada yake mkubwa, ndugu pekee aliyebaki, yuko hoi na anamwita.

Kupata kibali cha kuvuka mpaka pale Rusumo kulihitaji utambulisho. Baba mdogo alikubali kwenye simu yake papo hapo, ila alikuwa mmoja. Ofisini, afisa alimwamkia mama shikamoo, akampa kiti, akaeleza kwa masikitiko kwamba hana la kumsaidia haraka. Taarifa za mama alikuwa nazo mama mwenyewe. Ndivyo mradi ulivyotaka, na ndivyo sisi tulivyoufurahia. Ikabaki njia ya zamani ya mashahidi na kikao cha kamati, na huku mpakani kamati haikimbilii kumthibitisha mtu aliyezaliwa ng'ambo. Shahidi ambaye neno lake lingetosha alikuwa katekista.

Siulaumu ule mradi. Nilichoka kumwona mama akiomba kusemewa, na kwa muda mfupi ulimpumzisha. Nasikitika tu kwamba ulitaka watu wanaoweza kufuta jina la marehemu kwa kidole, na sisi hatukuwa watu hao. Walitufundisha namna ya kubonyeza. Hakuna aliyeuliza kwetu kumwondoa mtu kunamaanisha nini.

Kibali kilitoka dada yake akiwa ameshazikwa. Tulivuka daraja pamoja, mama amefunga kitenge kichwani. Nyumbani kwa marehemu walitupokea wajukuu, vijana wapole ambao hawakuwahi kumwona mama. Walitueleza kwamba siku za mwisho bibi yao alikuwa akiita jina moja tu, nao hawakujua ni la nani. Wakalitaja.

Mama aliketi chini. Lilikuwa jina lake la utotoni. Mimi, mwanawe wa kuzaa, nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza, na kwenye ile pochi halikuwemo.

Njiani kurudi nilimwomba aniruhusu nimwite hivyo walau tukiwa wawili, kwa kuwa hakuna tena wa kumwita.

"Hapana," alisema. "Hilo ni la mtu aliyenibeba mgongoni."