Vifungo vya Fundi Haking'oki

Fundi cherehani wa shule yetu aliitwa Haking'oki, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Kila aliporudisha koti la mwanafunzi alikivuta kifungo mara mbili kwa vidole viwili, akamtazama mwenye koti usoni, akasema, "Hiki haking'oki." Aliyasema hayo kwa miaka ishirini na sita. Wakuu wa shule walikuja wakaondoka, mabati ya bwalo yakabadilishwa mara mbili, maneno yakabaki yaleyale.

Chumba chake kiko mwisho wa jengo la ofisi, kati ya maktaba na stoo ya vifaa vya michezo. Mimi ni mhudumu wa maktaba, na ukuta unaotutenganisha ni wa mbao nyembamba. Kwa hiyo mengi ya haya sikuyatafuta. Yalinifuata nikiwa nimekaa nabandika namba kwenye migongo ya vitabu. Chumbani mwake mna cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi ya mkaa kwa sababu ya umeme haiamini, kopo la biskuti lililojaa vifungo, na stuli moja ya mwenye koti. Mlango hufunguliwa asubuhi, ukazuiwa kwa tofali, na haufungwi mpaka jioni.

Haking'oki hawezi kushona kimya. Anadai kukiwa kimya uzi unajisokota. Kwa hiyo mwenye koti hukalishwa kwenye stuli na kutakiwa aseme chochote: alichokula, alivyoamka, nani kagombana na nani bwenini. Mwenyewe hujibu kwa sauti ya puani tu, maana midomoni amebana pini nne au tano. Mwanafunzi akikosea neno, Haking'oki hulirudia sawasawa kupitia kwenye pini, bila kuinua macho, na kazi inaendelea. Kifungo kikishazungushiwa shingo yake ya uzi na uzi ukakatwa, hutema pini kwenye kiganja, na hapo ndipo zamu yake ya kusema inaanza. Zamu hiyo ni ndefu. Husafisha koo kwanza. Halafu: "Mwanangu, mambo ya siku hizi ni ya kulipua tu." Baada ya hapo wanatajwa watengeneza uzi, watengeneza viatu, waliojenga choo kipya cha walimu, na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi haraka.

Nimetaja darasa la lugha? Sijalitaja. Shule yetu ina wanafunzi wa lugha kumi na moja za nyumbani. Nilizihesabu kwenye fomu zao za maktaba. Wasioijua bado lugha ya shule huwekwa kwanza chumba namba nne, kwa mwalimu kijana mwenye bidii sana, aliyebandika kadi kila mahali. Mlango una kadi ya mlango, dirisha lina kadi ya dirisha, na siku ya kwanza yeye mwenyewe alijibandika kifuani kadi ya mwalimu, akaisahau, akaenda nayo sokoni. Wanafunzi hukaa humo mpaka wafaulu mtihani wa kuzungumza mwisho wa muhula, ndipo waungane na wenzao. Kuandika hakuwasumbui. Shida ni mdomo. Mtu wa miaka kumi na sita hataki kuchekwa, na dirisha la chumba namba nne linatazama uwanjani, ambako hakukosekani wa kucheka.

Mwaka huo darasa hilo lilikuwa na wanafunzi kumi na tisa. Mmoja, msichana mrefu aliyekuwa akikaa karibu na kadi ya kabati, alikuwa na miezi minne bila kutoa neno. Wenzake walimwita Kimya. Mwalimu wa lugha alikuja maktaba kuniomba vitabu vya picha kwa ajili yake, akaniambia, huku akipekua bila kuona, kwamba asipozungumza kwenye mtihani atarudia mwaka mzima.

Muhula wa pili vifungo vilianza kung'oka.

Kwanza kimoja, kisha viwili kwa siku, na kabla mwezi haujaisha mbele ya chumba cha fundi palikuwa na foleni. Mwalimu Makamu, mwanamke ambaye hukagua sare kila asubuhi kama anayetafuta sindano iliyodondoka, aligundua jambo. Makoti ya darasa la lugha ndiyo yalikuwa mapya kuliko yote, na ndiyo yaliyopoteza vifungo. Alikwenda kwa fundi akamwambia kwamba macho huchoka, kwamba si aibu, na kwamba kuna duka mjini lenye mashine ya kushonea vifungo. Shule ingeamua muhula ukifungwa. Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma. Angefokewa angefoka. Sasa akabaki na pini zake mdomoni na hana la kufanya nazo.

Siku iliyofuata aliupaka uzi nta. Siku ya tatu alishona kwa nyuzi mbili. Vifungo vikaendelea kuja. Wiki ya pili alishona kifungo kwenye kitambaa, akakining'iniza msumarini, akatundika pasi ya mkaa kwenye kifungo hicho, akaniita nishuhudie. Tulisimama tukaitazama pasi. Baada ya dakika kumi nilimkumbusha kwamba nina maktaba.

"Nenda, Ndugu Maktaba," alisema. "Lakini andika kwenye daftari lako kwamba hakikung'oka."

Niliandika.

Alasiri ileile alirudi kuazima kioo chetu cha kukuzia, ambacho huwa cha kusomea ramani. Alikuja na makoti matatu begani, akakaa dirishani, akachunguza ncha za nyuzi moja baada ya nyingine kama daktari wa macho. Halafu akanipa kioo.

"Tazama. Uzi uliokatika kwa kuvutwa huwa na ndevu. Huu umenyolewa."

Ilikuwa kweli. Ncha zilikuwa zimekatwa sawasawa, kwa wembe.

Kwa siku mbili tulikuwa na adui. Kwanza alikuwa mwenye duka la mjini, aliyemtuma mtu. Kisha mtunza bustani, ambaye waliwahi kutofautiana kuhusu mpira wa maji. Jumatano alinitazama mimi kwa muda mrefu kidogo, na nikajikuta naeleza, bila kuulizwa, kwamba wembe wetu wa maktaba ni butu.

Alhamisi alikuja Kimya, kwa mara ya tatu wiki hiyo, na kifungo kilekile cha katikati. Nilisikia stuli ikivutwa. Sikusikia cherehani wala mkasi. Fundi hakuweka pini mdomoni siku hiyo.

"Nani anakukatia vifungo, mwanangu?"

Nilikuwa na kitabu mkononi na sikukibandika namba.

"Mimi," alisema msichana.

"Wewe? Nimekukosea nini?"

Alichukua muda kuyapanga maneno. Alisafisha koo kwanza.

"Darasani nikisema, wanacheka. Hapa hakuna anayecheka. Una pini."

Fundi akamuuliza kama wenzake nao wanakata. Akajibu kwamba wembe ni mmoja, wanaazimana.

Yaliyotokea nyumbani kwa fundi jioni ile alinisimulia mwenyewe asubuhi iliyofuata, akiwa bado amekasirika, ingawa hakujua amkasirikie nani. Sheria ya shule ilikuwa wazi: anayeharibu sare kwa makusudi hurudishwa kwao wiki mbili. Mtihani wa kuzungumza ulikuwa umebaki siku kumi. Akisema kweli kwa Makamu, jina lake linasafishwa leo, kazi inabaki yake, na msichana anarudia mwaka. Asiposema, miaka ishirini na sita inaishia kwenye uzi mbovu. Alimweleza mkewe yote hayo mezani, kwa urefu anaoujua yeye. Mkewe ni mtu wa maneno machache, nadhani kwa kukosa nafasi. Alimsubiri amalize.

"Miaka yote hii unatafuta watu wa kukusikiliza," alimwambia. "Umewapata kumi na tisa, na wanakata nguo zao ili wakusikilize. Sasa unataka kuwashtaki?"

"Sijasema nitawashtaki."

"Basi kula, baba. Chakula kinapoa."

Ijumaa Makamu alimwita ofisini, akataka kujua kama amepata sababu. Karani aliyekuwepo alinieleza kwamba fundi alivuta kifungo cha koti lake mwenyewe mara mbili, kisha akasema, "Ni uzi, Mwalimu. Uzi wa siku hizi hauna adabu." Makamu akaandika kitu. Fundi akarudi chumbani kwake, na siku hiyo alishona kimya tangu asubuhi hadi saa ya kufunga. Uzi haukujisokota hata kidogo. Sikumwambia kwamba nimeliona hilo.

Mtihani ulifanyika maktaba, kwa sababu ndipo penye utulivu. Mtahini alitoka nje ya shule, bwana mwenye miwani ya kamba na faili ya bluu. Makamu alikaa kando yake kama ilivyo desturi yake, na mwalimu wa lugha alibaki mlangoni akijiminya vidole. Mimi nilikuwa nyuma ya rafu ya jiografia.

Aliingia wa kwanza, akakaa, akasafisha koo. Mtahini akamuuliza ameonaje shule.

"Mwanangu," alisema kijana yule wa miaka kumi na saba kumwambia bwana mwenye mvi, "shule ni nzuri, ila choo kipya cha walimu kilijengwa kwa kulipua."

Mtahini alivua miwani. Wa pili akasafisha koo. Alipoulizwa kuhusu safari yake ya kuja, alilaumu kwanza waliotengeneza viatu vyake. Wa tatu, wa nne na waliofuata pia walisafisha koo. Watu wa lugha sita za nyumbani, na wote walinung'unika kwa lugha safi, kwa mpangilio, kwa sauti ya mtu wa miaka sitini aliyechoshwa na watengeneza uzi. Mwalimu wa lugha alikuwa amejifunika mdomo kwa kadi. Mtahini aliandika alama, na zilikuwa nzuri, maana hakuna aliyekwama hata mara moja. Makamu peke yake hakuandika. Alikuwa ameanza kuutazama ule ukuta wa mbao.

Kimya aliingia wa kumi na nne. Aliambiwa aeleze kazi yoyote anayoijua, hatua kwa hatua. Alikaa. Nilihesabu mpaka ishirini. Kisha msichana akasafisha koo, akaeleza jinsi ya kushona kifungo cha matundu manne: uzi upakwe nta, sindano ipite kwa msalaba, kifungo kiachwe kisimame kidogo juu ya kitambaa, shingo izungushwe mara tatu, fundo lifichwe chini. Hakuharakisha. Mtahini alimaliza kuandika, akamshukuru, akamruhusu aende. Hakwenda.

"Kifungo kikishonwa hivyo haking'oki," alisema, akiwa sasa anamtazama Makamu. "Ukiona hakipo, kimekatwa."

"Kimekatwa na nani?" aliuliza Makamu.

"Na mimi. Uzi wa fundi hauna kosa."

Kilichokuwa kinasikika ni cherehani ng'ambo ya ukuta, na hiyo nayo ikanyamaza.

Mwalimu Makamu hajawahi kufuta sheria tangu azaliwe, na hakuanza siku hiyo. Alimwuliza mtahini kama alama za binti zimeshaandikwa. Zilikuwa zimeandikwa. Basi akasema kwamba kuharibu sare ni kosa, kwamba kosa lazima liwe na adhabu, na adhabu ya mwanafunzi huyu ni kukaa chumba cha ushonaji kila Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, mpaka mwaka uishe. Mwingine yeyote aliyekata kifungo ajitaje, apate adhabu hiyohiyo. Kufika saa sita mchana walikuwa wamejitaja ishirini na watatu. Darasa la lugha, kama nilivyosema, lina wanafunzi kumi na tisa.

Kwa fundi Makamu alikwenda mwenyewe. Hakuomba radhi, alisimama mlangoni, kwenye tofali, akasema lile duka la mjini liko mbali mno. Halafu akatoa sharti: kuanzia sasa koti lolote litakaloingia humo liwe na vifungo vyake vitatu, na litoke navyo. Fundi alijibu kupitia kwenye pini. Sikuelewa alichosema, na nadhani ndivyo alivyotaka.

Jumanne ya kwanza waliingia wengi hivi kwamba walikaa hadi juu ya meza ya kukatia. Nilisubiri kusikia maneno. Hakuna kilichosikika. Makoti yote yalikuwa kamili, fundi hakuwa na cha kushona, na bila kushona hawezi kukaa na mtu. Alikohoa. Akauliza kama wote ni wazima. Wakasema wazima. 

Kisha nikasikia mkasi, mara moja. Stuli ikavutwa, pini zikatoka koponi, na sauti ya puani ikasema, "Haya, nani kagombana na nani?"

Tangu hapo koti linaloshonwa ni la fundi mwenyewe, la kahawia, kila Jumanne na Alhamisi, kifungo cha katikati. Mkewe aliligundua mwezi wa pili, alipokuwa akilifua. Aliona kifungo kimeshonwa upya mara nyingi hadi kitambaa kimekuwa kigumu, akamwuliza imekuwaje kwa mtu anayejisifu hivyo.

"Uzi wa siku hizi," alimjibu.